Kazi ya Plastiki Iliyofukiwa

Tarehe 19 Machi 1988, katika vilima vya Kettleman, katikati ya jimbo la California nchini Marekani, mlima wa taka ulihama. Haukuporomoka kwa kishindo. Uliteleza polepole kwa saa kadhaa, na ulipotulia ulikuwa umesogea karibu mita 11 na kushuka zaidi ya mita 4. Lilikuwa rundo la taka hatari lenye kimo cha mita 27, lililojazwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi ndani ya shimo lililochimbwa na kutandikwa kwa gharama kubwa. Hakuna aliyeumia.

Hata hivyo habari hiyo iliwashtua wahandisi, kwa sababu shimo hilo, lililojulikana kwa namba B-19, halikuwa dampo la kienyeji. Lilijengwa kwa ustadi wote uliokuwapo wakati huo. Sakafuni na kwenye kingo zake kulikuwa na matabaka ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, karatasi nene za plastiki, nyavu za plastiki za kuondoa maji, na vitambaa vya plastiki vya kuzilinda karatasi hizo. Kila tabaka lilikuwa mahali pake na lilifanya kazi yake. Kisha mzigo mzima ukaondoka.

Vitu hivyo vya plastiki vilivyotandikwa Kettleman, kwa jina la jumla, ni jiosinthetiki: plastiki zinazotengenezwa kiwandani ili zikae ndani ya udongo. Malighafi yake ni ileile ya ndoo, kamba za manila, viroba vya unga na chupa za maji, yaani polithini, polipropilini na poliesta. Jiotekstaili ni kitambaa kinachopitisha maji. Baadhi hufumwa, na nyingine hutengenezwa kwa kuzichomachoma nyuzi kwa maelfu ya sindano hadi zishikane. Jiogridi ni wavu mgumu wenye matundu mapana. Jiomembreni ni karatasi isiyopitisha maji, na katika madampo huwa na unene wa milimita 1.5 au 2. Ndugu zao ni wengi, na mabwana wa biashara huongeza jina jipya karibu kila mwaka, lakini hao watatu ndio wanaobeba kazi kubwa. Ukipita panapojengwa barabara kuu popote Afrika Mashariki utaona mabunda yake, meupe au meusi, yamelazwa kando ya kifusi. Baada ya wiki chache hayaonekani tena, na hakuna anayeuliza yalikwenda wapi.

Udongo una tabia moja inayowasumbua wajenzi tangu zamani: ukikandamizwa unabeba, ukivutwa unaachana. Rundo la mchanga mkavu halisimami wima hata likiombwa, kwa sababu hakuna kitu kinachozuia chembe zake zisitawanyike. Kwa hiyo tangu kale watu wamekuwa wakiuchanganya udongo na kitu chenye nyuzi. Katika mnara wa Aqar Quf, karibu na Baghdad, uliojengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mafundi walitandaza mikeka ya matete kati ya safu za matofali ya udongo. Huko Uingereza nako, mhandisi George Stephenson alipotaka kupitisha reli ya Liverpool na Manchester juu ya kinamasi cha Chat Moss, alilaza mafungu ya vichaka na matawi yaliyofumwa, akajenga juu yake. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1830.

Fikra hiyo iliwekewa hesabu na mhandisi Mfaransa Henri Vidal, aliyeandikisha hataza yake mwaka 1963. Inasimuliwa kwamba aliona jinsi kilima cha mchanga ufukweni kinavyosimama kwa mwinuko mkali zaidi kikilazwa majani ya msonobari katikati. Yeye alitumia tepe za chuma. Matete huoza na chuma hushika kutu, na ndipo plastiki, ambayo sokoni ilikuwa bado kitu kipya, ilipopata nafasi.

Lakini nafasi yake ya kwanza kubwa haikuwa ya kuvuta. Ilikuwa ya kuchuja, na iliyoifungua ni bahari.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini iliyokutana na maji makuu ilibomoa kingo za kusini-magharibi mwa Uholanzi. Watu 1,836 walikufa nchini humo. Serikali ikaamua kuziba milango ya mito inayoingia baharini kule Zeeland, mmoja baada ya mwingine, katika mpango ulioendelea kwa zaidi ya miaka thelathini. Tatizo lilikuwa sakafu ya bahari yenyewe. Pale chini ni mchanga laini, na ukiweka jiwe kubwa juu ya mchanga laini mahali penye mkondo, maji huanza kuuvuta mchanga kupitia mianya ya mawe. Jiwe linazama. Unaweka jingine, nalo linazama. Kwa karne nyingi Waholanzi walikuwa na dawa yake: walifuma magodoro mapana ya fito za mti wa wilo, wakayavuta hadi mahali pake, wakayapakia mawe mpaka yazame. Ilikuwa kazi ya mikono, ya ukoo na ukoo, na kwa mradi wa ukubwa ule hapakuwa na mikono wala fito za kutosha. Katika miaka ya 1950 wakaanza kujaribu mifuko ya nailoni iliyojazwa mchanga, kisha vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za plastiki.

Kilele cha kazi hiyo ni kizuizi cha Oosterschelde. Mwanzoni mlango huo ulikuwa uzibwe kabisa. Wavuvi wa chaza na kome pamoja na watetezi wa mazingira walipinga, kwa kuwa maji ya chumvi yasingeingia tena, na katika miaka ya 1970 serikali ikabadili mpango: zijengwe nguzo zenye milango ya chuma inayobaki wazi siku zote na kufungwa wakati wa dhoruba tu. Nguzo ni 65, kubwa zaidi zikifikia tani 18,000, na zote ilibidi zisimame juu ya mchanga uleule unaokimbia. Hivyo kiwanda kilijengwa palepale pwani ili kutengeneza magodoro ya kitambaa cha polipropilini, kila moja likiwa na urefu wa mita 200, upana wa mita 42 na unene wa sentimita 36, ndani yake mna mchanga na kokoto zilizopangwa kwa matabaka. Meli maalumu iliyoitwa Cardium, iliyoundwa kwa kazi hiyo moja, ililikunjua kila godoro kutoka kwenye bomba kubwa na kulilaza chini baharini. Malkia Beatrix alikifungua kizuizi hicho tarehe 4 Oktoba 1986. Watalii hupiga picha nguzo. Godoro hawalioni, ingawa bila hilo nguzo zingekwisha kuinama.

Kinachofanyika ndani ya kitambaa cha namna hiyo ni kazi ya kifumbu: tui lipite, chicha libaki. Ugumu uko kwenye ukubwa wa matundu. Yakiwa makubwa mno mchanga unatoroka. Yakiwa madogo mno chembe za udongo huyaziba, maji hukosa njia, na shinikizo hupanda nyuma ya ukuta mpaka ukuta uondoke. Zamani mhandisi wa bwawa alilazimika kutafuta mchanga wa ukubwa maalumu, na kisha kokoto ndogo, na kisha kubwa, na kuzipanga kwa mfuatano. Mchanga wa namna hiyo haupatikani kila mahali. Mwaka 1970, kwenye bwawa la udongo la Valcros kusini mwa Ufaransa, lenye kimo cha mita 17, mhandisi J.P. Giroud alitumia kitambaa cha poliesta badala yake. Vipande vilichimbuliwa baada ya miaka 6, na tena baada ya miaka 22, na vilionekana bado viko katika hali nzuri. Mwaka 1977 wataalamu wa fani hiyo walikutana Paris kwa mkutano wao wa kwanza wa kimataifa, na jamii yao ya kimataifa ikaanzishwa mjini humo mwaka 1983.

Barabarani kazi ni nyingine kidogo. Kokoto zikimwagwa juu ya udongo laini na malori yakaanza kupita, kokoto huzama kwenye tope na tope hupanda kati ya kokoto. Mkandarasi anaongeza kifusi, kifusi kinazama, na mwisho wa mwaka pesa za barabara ya kilomita kumi zimeingia kwenye kilomita saba. Kitambaa kati ya matabaka hayo mawili huzuia yasichanganyike. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, na pengine ndiyo matumizi yenye faida ya haraka kuliko yote.

Jiogridi ilikuja baadaye, na ilitoka sokoni, tena sokoni kwa maana ya matunda. Brian Mercer, Mwingereza wa Blackburn aliyelelewa katika mji wa viwanda vya nguo, alivumbua njia ya kutengeneza wavu wa plastiki bila fundo hata moja. Ndizo neti za kufungia machungwa na vitunguu ambazo zimeenea dunia nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aligeukia kitu kigumu zaidi. Alichukua bamba la plastiki, akalitoboa matundu kwa mpangilio, kisha akalivuta kwa joto. Likivutwa hivyo, molekuli za plastiki hujipanga kuelekea upande wa mvuto, na mbavu za wavu huwa na nguvu kupita bamba la mwanzo. Kokoto zinapoingia kwenye matundu yake zinabanwa, haziwezi kusogea pembeni, na barabara inabaki na umbo lake.

Hapa Afrika Mashariki inafaa kuufikiria udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Uko Shinyanga na Mwanza, uko tambarare za Kano, Mwea na Athi nchini Kenya, na kila dereva anawajua watoto wake: nyufa ndefu zinazokwenda sambamba na barabara, karibu na ukingo wa lami, kama kwamba bega la barabara linataka kujitenga. Sababu ni kwamba kingo hukauka na kusinyaa, huku katikati, chini ya lami, unyevu ukibaki. Texas ina udongo wa tabia hiyohiyo, na watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Austin wakiongozwa na Jorge Zornberg walilinganisha vipande vya barabara vyenye jiogridi na visivyo nayo. Penye wavu, nyufa zilipungua au zilisukumwa nje ya lami. Wavu hauzuii udongo kuvimba. Unachofanya ni kuishikilia barabara isigawanyike wakati chini yake pananyanyuka na kushuka, na hiyo si kazi ndogo kwa barabara ya wilaya isiyo na fedha za ukarabati kila mwaka.

Ushahidi uliowashawishi wengi zaidi ulitoka Japani. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilipiga Kobe na kuua zaidi ya watu 6,000. Kuta nzito za zege zilizoshikilia matuta ya reli ziliinama na kuvunjika. Kule Tanata kulikuwa na ukuta wa aina mpya uliokamilika mwaka 1992, wa udongo uliolazwa jiogridi tabaka kwa tabaka na kufunikwa zege usoni. Uliinama kidogo tu, ilhali nyumba nyingi za jirani zilianguka. Profesa Fumio Tatsuoka na wenzake, waliousimamia utaratibu huo, hawakuhitaji tena kuhubiri sana. Mashirika ya reli yalijijengea kuta kama hizo yenyewe. Ukuta wa zege mzito hupambana na tetemeko. Udongo uliofungwa kwa nyavu hutikisika nalo.

Huko Norwei kuna hata barabara zilizojengwa juu ya povu. Mwaka 1972, penye daraja la Flom karibu na Oslo, kifusi kilichokuwa kikizama kila mwaka kwenye ardhi ya mboji kiliondolewa, pakawekwa mabonge ya povu jeupe la plastiki, yale yanayofungia televisheni, yenye uzito wa kilo 20 hivi kwa mita moja ya ujazo. Udongo wa ujazo huo una karibu tani mbili. Ardhi ikapunguziwa mzigo, barabara ikatulia.

Sasa turudi Kettleman. Uchunguzi ulifanywa na James Mitchell, Raymond Seed na H. Bolton Seed wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hao Seed wawili ni mtoto na baba yake. Walipima msuguano kati ya kila tabaka na jirani yake. Mchanga juu ya mchanga hukataa kuteleza mpaka mteremko ufike nyuzi 30 na zaidi. Karatasi laini ya plastiki juu ya kitambaa, au juu ya mfinyanzi wenye maji, ilikubali kuteleza kwenye nyuzi 8 hivi. Plastiki haikukatika kwanza. Mzigo uliteleza juu yake. Watu walikuwa wamechagua kila tabaka kwa sifa zake lenyewe, na hawakuwa wametilia maanani vya kutosha kwamba mlima wa taka hausimami juu ya tabaka, unasimama juu ya mahali matabaka mawili yanapogusana. Baada ya hapo jiomembreni zenye uso wa kukwaruza zikawa jambo la kawaida kwenye miteremko, na maabara zikaanza kupima msuguano kwa vifaa halisi vya mradi, si kwa makadirio ya vitabu.

Habari ya Kettleman si ya peke yake. Mwaka 2013 Robert Koerner na mwanawe George, wa taasisi ya Geosynthetic Institute ya Marekani, walichapisha hesabu ya kuta 171 za udongo ulioimarishwa ambazo zilikuwa zimeanguka au kupinda vibaya. Asilimia 98 zilitokana na usanifu mbaya au ujenzi mbaya. Asilimia 61 zilijazwa udongo wa mfinyanzi au wa vumbi laini badala ya mchanga na kokoto, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na wa bei nafuu. Katika asilimia 60 maji yalihusika. Na zilizosababishwa na kasoro ya kiwandani ya plastiki? Hakuna hata moja. Takwimu hiyo inafaa ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya mhandisi wa wilaya, kwa kuwa mazungumzo ya zabuni mara nyingi huanzia na kuishia kwenye bei ya bunda.

Makubwa nayo huanguka. Tarehe 12 Machi 2015, mteremko wa mita zaidi ya 70 uliojengwa kwa udongo na jiogridi ili kurefusha uwanja wa ndege wa Yeager, mjini Charleston huko West Virginia, uliporomoka bondeni, haujamaliza hata miaka kumi. Ulifunika barabara na kubomoa kanisa na nyumba.

Kwa madampo na mabwawa ya migodi, maadui ni wadogo zaidi. Vipande vya jiomembreni huunganishwa kwa mashine ya joto inayoacha mistari miwili ya weldingi na njia nyembamba ya hewa katikati. Fundi hujaza hewa humo, na sindano ya geji ikishuka anajua pana tundu. Baada ya hapo karatasi hufunikwa kokoto, na hapo ndipo uharibifu mwingi hutokea: jiwe lenye ncha, koleo, buldoza lililogeuka ghafla. Bwawa linaweza kupita vipimo vyote asubuhi na kutobolewa jioni. Wakulima wa maeneo kame ya Kenya wanaotandika plastiki kwenye mabwawa ya kuvuna maji ya mvua wanalijua jambo hilo kwa njia ya ng'ombe, ambaye akitelemka kunywa maji hutoboa kwa kwato.

Yupo pia mwizi. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, na kuingia Mto Tigithe. Kampuni ya mgodi ilieleza kuwa karatasi za kuzuia maji zilikuwa zimeibwa. Wanakijiji walikuwa na maelezo yao na malalamiko yao, na ugomvi huo ulidumu miaka. Lakini ukiangalia karatasi yenyewe, pana, imara, isiyovuja, unaelewa kwa nini mtu mwenye paa bovu angeitamani. Mhandisi anayesanifu bwawa mahali ambapo watu hawana mabati anatakiwa kulifikiria hilo pamoja na mvua.

Halafu kuna joto. Karatasi hizi ni nyeusi kwa sababu hutiwa masizi ya kaboni, asilimia 2 hadi 3, ili jua lisizile. Zikifukiwa jua halizifikii, lakini joto hufika. Taasisi ileile ya akina Koerner ilikadiria kwamba jiomembreni ya polithini yenye unene wa milimita 1.5, ikifunikwa, huchukua miaka 446 kupoteza nusu ya nguvu zake kwenye nyuzi joto 20. Kwenye nyuzi 40 makadirio yanashuka hadi miaka 69. Taka zinazooza hutoa joto lake zenyewe, na ardhi ya Dar es Salaam au Mombasa haianzi kwenye baridi ya Ulaya. Dhamana inayosomwa kwenye katalogi iliyoandikwa Ujerumani inahitaji kusomwa upya huku pwani.

Swali la wazi ni kwa nini nchi zilizopiga marufuku mifuko ya plastiki, Rwanda mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, zizike maelfu ya mita za plastiki chini ya barabara. Mfuko hutumika dakika kumi na kuishia mtaroni; kitambaa cha barabara hutumika miongo, na huokoa malori mengi ya kokoto ambazo zingechimbwa kwenye kilima fulani. Hilo ni jibu la haki, ingawa si jibu kamili. Barabara ikifumuliwa, vipande hubaki kwenye kifusi, na hakuna anayeviokota.

Kwa kazi nyingine nyuzi za mimea zinatosha. Wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, hufukia makumbi ufukweni kwa miezi, huyaponda na kusokota kamba za usumba. Nyuzi hizohizo, zikifumwa kuwa nyavu pana, hutandazwa kwenye miteremko huko Kerala, India, zishike udongo wakati nyasi zinaota. Zikioza baada ya miaka michache, mizizi imeshachukua nafasi yake. Mwaka 2020 serikali ya India iliruhusu vitambaa vya usumba kwenye barabara za vijijini pia. Hoja yake ni kwamba udongo laini huwa dhaifu zaidi siku za mwanzo. Ukikandamizwa na magari hukamuka maji na kukaza, na kitambaa kinapokwisha ardhi chini yake si ileile tena. Kwa barabara ya kijiji yenye pikipiki na matrekta hesabu hiyo inakubali. Kwa sakafu ya dampo la taka za sumu, ambako kitambaa kinatakiwa kudumu kuliko mkandarasi, mhandisi na wizara iliyotia saini, bado hakuna nyuzi za mmea zinazoweza kuifanya kazi hiyo.